Fundi Makochi na Sauti ya Marehemu

Mtaa mzima ulimwita Sponji, kwa sababu nyusi zake hazikukosa vumbi la sponji, na kwa sababu hakuna kochi lililobonyea mtaani pale ambalo halikupita mikononi mwake. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango ukitazama barabara. Chumba cha ndani kilikuwa cha mkewe. Katikati palining'inia pazia zito, alilolishona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya hoteli moja.

Mkewe alifanya kazi ya kusafisha sauti. Kituo cha redio kilikuwa na stoo iliyojaa kaseti za zamani, na yeye alizihamishia kwenye kompyuta, akaziondolea mivumo na mikwaruzo, hadi mtu aliyesema zamani akasikika kama yuko chumba cha pili. Hakutumia picha wala kipanya. Alikuwa na dirisha jeusi kwenye kioo, anaandika amri kwa mkono, na kompyuta inatii.

Sponji alijivunia jambo hilo kuliko kazi yake mwenyewe. Mteja akichungulia pazia, atasikia: "Wake zenu wanabonyeza picha. Wangu anaiandikia, nayo inamjibu."

Kilichomuudhi kilianza kidogo kidogo, kama panya anavyoanza gunia. Kila alipopenya pazia kwenda kunywa maji, vidole vya mkewe viliruka. Herufi moja, Enta, na maandishi kwenye dirisha yakasogea juu. Mara za kwanza hakutilia maanani. Baadaye akaanza kuviangalia vidole hivyo kuliko alivyoliangalia jagi la maji. Akajaribu kuingia bila kukohoa. Akajaribu kuvua viatu. Lakini fundi makochi hubana misumari midogo midomoni ili mikono ibaki huru, na misumari ile ilikuwa ikigongana kila alipopumua. Mke alimsikia kabla pazia halijatikisika.

"Ulikuwa wapi?" Sponji aliuliza siku moja.

"Nilikuwa hapa hapa. Ningekuwa wapi?"

"Namaanisha humo ndani."

"Kwenye kazi. Toa misumari mdomoni ukiongea, utaimeza."

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kumpungua, kwa sababu Sponji alikuwa na mtu wa kumwonea wivu, na mtu huyo alikuwa amekufa.

Mkewe alikuwa mjane alipomwoa. Mume wake wa kwanza alikuwa mtangazaji katika kituo kile kile cha redio, msomaji wa hadithi za jioni, na alifariki wakati binti yao hajaanza kutambaa. Sponji alimwoa mama, mtoto akiwa mgongoni. Alimlea, akamsomesha, akamsindikiza hadi chuo cha uuguzi, na binti alimwita baba tangu alipojua kuita. Kwa watu hayo yalitosha. Kwa Sponji hayakutosha. Mwanamume aliye hai unaweza kumsubiri akosee. Atakoroma, atasahau alichotumwa, atazidisha chumvi kwenye maneno. Marehemu hafanyi hata moja. Amebaki na umri ule ule, shati lile lile la kwenye picha, na kila akitajwa, anatajwa kwa upole.

Picha yenyewe Sponji aliishusha ukutani siku walipopaka rangi sebule, ili isichafuke. Rangi ilikauka, ikafubaa, ikapakwa nyingine, na picha bado ilikuwa juu ya kabati ikisubiri msumari, katika nyumba ya fundi mwenye makopo manne ya misumari. Mkewe hakuuliza. Binti aliuliza mara moja, akajibiwa kwamba ukuta ule una unyevu.

Jambo la herufi moja alilipeleka kwa kinyozi, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa amemletea kiti chake cha kunyolea kibadilishwe ngozi.

"Mwanamke akigeuza simu ukikaa karibu naye," kinyozi alisema, "ujue kuna mtu."

"Si simu. Ni kompyuta."

"Basi ni mtu msomi."

"Wewe kazi yako ni vichwa vya watu. Yaliyomo kichwani niachie mimi."

"Nakuachia. Ila uliza, Sponji. Kuuliza si ujinga."

Sponji hakuwa mtu wa kuuliza. Akipotea njia mjini, alipendelea kuzunguka mtaa mara tatu kuliko kumsimamisha mpita njia. Akaamua atajifunza.

Jioni moja alinawa mikono hadi viwikoni, akavuta kigoda, akaketi karibu na mkewe. "Nifundishe hii."

Mke alimtazama kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitegemea. "Kweli, fundi?"

"Mtu anazeeka akiacha kujifunza."

Akamfundisha, na kwa furaha kabisa. Akamwambia aifikirie kompyuta kama nyumba yenye vyumba vingi, na kila chumba kinaitwa folda. Wakati wote unakuwa umesimama ndani ya folda moja, na amri yoyote unayoitoa inafanya kazi hapo uliposimama. Ukiandika cd na jina la folda, unahamia huko. Ukiandika ls, unaorodheshewa vilivyomo. Ukiandika cheza na jina la sauti, inalia kwenye spika.

"Na nikisahau nimesimama wapi?"

"Unaandika pwd, inakwambia. Usione aibu, fundi. Mimi naiuliza mara nyingi kuliko ninavyokuuliza wewe kama umekula."

"Majina ya folda mbona marefu hivi, kama anwani ya posta?"

"Ndiyo maana nimeyawekea vifupi. Niliandika njia nzima mara moja nikaihifadhi. Sasa nikiandika k peke yake, nafika kwenye kazi ya kituo. p ni picha. b ni barua."

"Na nyingine?"

"Nyingine za kawaida tu," mke alisema, akakohoa kidogo. Sponji alikisikia kikohozi hicho kuliko maneno yote ya jioni ile.

"Halafu kuna hii, naipenda," mke aliendelea haraka. "Andika cd, acha nafasi, weka kistari. Inakumbuka folda uliyotoka sasa hivi, inakurudisha huko. Huna haja ya kujua jina lake."

"Inakumbuka hata kama aliyekuwa huko ni mtu mwingine?"

"Haijui mtu. Inajua ilikokuwa, basi."

Sponji aliomba airudie. Mke akairudia, akicheka, akamshika mkono kumwonyesha kistari kilipo kwenye kibodi. Mwisho akamwonyesha rm, amri ya kufuta, ili amkataze. "Hii usiiguse. Humu hakuna pipa la taka la kurudi kufukua. Kilichofutwa kimefutwa."

Siku kadhaa baadaye mke alivaa viatu vya kutokea. Diski yake ya akiba ilikuwa imejaa, kituo kilikuwa kimemwahidi nyingine, na alikuwa amechoka kuisubiri. Sponji alipomsikia akitafuta mkoba, alipenya pazia bila sababu, misumari mdomoni. Mkewe, mkono mmoja begani kwenye mkanda wa mkoba, aliinamia kibodi. Herufi moja, Enta.

"Narudi mchana," alisema. "Chakula kiko kwenye sufuria ndogo."

Sponji alisubiri mpaka alipomwona anakunja kona ya duka la dawa. Kisha akatema misumari kwenye kopo, akaketi kwenye kiti cha mkewe, ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyekitia sponji. Dirisha jeusi lilikuwa wazi. Mkewe hakupenda mistari mirefu, kwa hiyo alikuwa ameipunguza alama ya kusubiri amri ikabaki mshale mtupu. Sponji akaandika cd, nafasi, kistari. Akagonga.

Dirisha likamjibu kwa njia nzima ya kule mkewe alikokuwa, na neno la mwisho la njia hiyo lilikuwa *baba-yake*.

Alilisoma mara mbili. Baba yake nani? Katika nyumba ile alikuwepo mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa na baba, naye alikuwa ameketi hapo na vumbi la sponji kwenye nyusi. Akaandika ls. Zikashuka sauti, kila moja na jina la hadithi. Akacheza ya kwanza.

Hakuwa amewahi kuisikia. Zamani, wakati marehemu anasoma redioni, Sponji alikuwa mwanafunzi wa fundi katika mji mwingine, na bosi wao hakuruhusu redio. Alitegemea sauti nzito ya kujisikia, sauti ya watu wanaojua wanasikilizwa. Haikuwa hivyo. Ilikuwa sauti ya mtu anayekusimulia huku anakumenyea chungwa. Haikuwa na haraka. Ilipofika mahali pa kuchekesha haikucheka, ilikuachia wewe. Na ilikuwa safi, safi mno, hakuna mvumo wala mkwaruzo, mkewe alikuwa ameipangusa punje kwa punje.

Hadithi ilikwisha. Sponji alikuwa anataka kuizima, ndipo marehemu akasema jambo jingine, si kwa wasikilizaji, kwa mtu fulani aliyekuwa naye studio: "Mimi nawahi nyumbani. Mtoto hajalala."

Kiti kikasikika kikisukumwa, na sauti ikakatika.

Sponji aliirudisha sauti nyuma, akakisikiliza tena kile kipande cha mwisho. Mkewe hakuwa amekikata. Alikuwa amekisafisha zaidi ya hadithi yenyewe. Hata kiti kilisikika miguu yake. Miaka yote hiyo Sponji amekuwa akimbeba mtoto yule homa ikipanda, na mwanamume huyu, kwa maneno matano na kiti, amerudi kumlaza.

"Hodi humu."

Alikuwa kinyozi. Sponji aliandika clear haraka, kama alivyofundishwa, na dirisha likawa tupu, limebaki na mshale. Akatoka.

"Kiti changu kikoje?"

"Kesho."

"Kesho ulisema jana. Wateja wananyolewa wamekaa kwenye kreti ya soda." Kinyozi akamchungulia usoni. "Umelia?"

"Vumbi."

"Vumbi hilo umelizoea tangu ujana, leo ndio limekuona?"

"Kinyozi, nenda kanyoe."

"Naenda. Ila mwanamume mwenye wivu ni kama kichwa chenye mba. Anajikuna yeye, wanaona wote."

Sponji alirudi ndani. Alijua atakachofanya. Angelifuta lile jamaa kwenye nyumba yake, kimya kimya, na mkewe akiuliza, angemuuliza naye swali lake. Akautazama mshale mtupu. Kumuuliza mshale amesimama wapi hakukumjia hata akilini. Kilichomjia ni desturi ya kazi. Katika makochi, pigo la kwanza linausimamisha msumari tu; pigo la pili ndilo linaloushika. Kitu ukitaka kikae, kipige tena. Basi akaandika tena cd, nafasi, kistari, ili kuwa na hakika kwamba amefika kwa mtu yule barabara, akagonga. Dirisha likatoa njia yake. Hakuisoma, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshaanza rm. Akaambatanisha nyota inayomaanisha zote, pamoja na mkia unaomalizia kila jina la sauti. Enta.

Dirisha halikusema kitu. Akaandika ls. Folda ilikuwa tupu.

Alirudi karakana akafanya kazi kwa moyo mweupe kuliko alivyofanya mwezi mzima. Akavuta ngozi ya kiti cha kinyozi mpaka ikalia.

Mkewe alirudi jua likiwa limeanza kuingia mlangoni, na diski mpya ndani ya boksi. "Hatimaye," alisema akipita. "Leo nanakili vyote, nilale bila wasiwasi." Sponji akamfuata hadi kwenye pazia, akasimama, misumari mdomoni, hotuba kichwani. Hotuba hiyo ilianza na maneno "Mimi si mtoto mdogo". Akasubiri kumwona mkewe akimlilia marehemu.

Mke akaandika k. Akaandika ls. Akaandika pwd, akasoma.

"Michezo yote haipo," alisema.

Sponji nusura ameze msumari. "Michezo gani?"

"Michezo ya redio. Kazi ya kituo. Inaanza kurushwa Jumatatu." Hakugeuka. Akabonyeza mshale wa juu kwenye kibodi, na dirisha likaanza kumletea amri zilizopita, moja baada ya moja, kutoka ya mwisho kwenda nyuma. Alizisoma kwa sauti, polepole, kama karani wa mahakama.

"Ls. Rm, nyota. Halafu cd, kistari. Clear. Cheza. Cheza. Ls. Cd, kistari." Akaondoa mkono kwenye kibodi. "Ulipiga kistari mara mbili."

"Ili niwe na hakika."

"Uwe na hakika." Sasa aligeuka. "Ukipiga mara ya kwanza kinakupeleka ulikotoka. Ukipiga tena, sasa ulikotoka ni wapi? Kinakurudisha kulekule ulikoanzia, kwenye kazi ya kituo. Si msumari huo, mume wangu."

Sponji alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaishika kiganjani. Hotuba ilikuwa imepotea.

"Ulitaka kumfuta," mke alisema.

"Ndiyo."

"Sema vizuri."

"Nilitaka kumfuta. Wewe unamficha mwanamume ndani ya nyumba yangu, mimi nifanye nini, nimkaribishe chai?"

"Binti ndiye aliyeniomba. Alisema, 'Mama, sijui hata alikuwa anaongeaje.' Zilikuwemo kwenye stoo ya kituo, nikaomba ruhusa, nikazichukua."

"Na mimi hakuniambia."

"Alikuuliza habari ya picha, ukamwambia ukuta una unyevu. Angekuambia nini tena?"

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Wote wawili waliisikiliza mpaka ikaisha, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kutazamana.

"Na hilo jina la folda," Sponji alisema. "Baba yake. Mimi ni nani basi?"

"Wewe ni mtu aliyenifutia kazi ya miezi miwili." Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana liliuma. "Kaseti zipo, nitaanza upya. Lakini Jumatatu hakuna cha kurusha. Chukua simu umpigie mkuu wa vipindi."

"Mimi?"

"Nani amefuta?"

"Si useme tu mashine imeharibika."

"Mashine haijaharibika. Piga."

Sponji alipiga. Kwa muda wote huo mkewe alikaa mbele yake, mikono mapajani. Mkuu wa vipindi alikuwa mwanamume mwenye sauti ya haraka, na ilibidi aelezwe mara mbili.

"Mzee, unasema wewe umefuta? Umeingiaje?"

"Niliingia kwa cd na kistari," Sponji alisema, na hata katika aibu ile shingo yake ilinyooka kidogo. "Inakurudisha folda uliyotoka."

"Najua inafanya nini, mzee. Nauliza kwa nini."

Sponji alimtazama mkewe. Mkewe alitazama simu.

"Mambo ya nyumbani," alisema.

Kule upande wa pili karatasi zikachakarishwa. "Tumeshatangaza wiki nzima kwamba Jumatatu saa kumi na moja jioni tunarusha vitu vya zamani. Wadhamini wanasubiri. Hapo hakuna chochote kilichosafishwa? Chochote. Hata nusu saa kwa siku."

Kipo, Sponji alijua. Kilikuwa safi kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia kikitoka kwenye spika. Angeweza kusema hakuna, na simu ingekatwa, na jambo lingeishia hapo. Mkewe hakuwa ameyasikia maneno ya upande wa pili, lakini aliuona uso wa mumewe, na hakumsaidia. Alisubiri.

"Kipo," Sponji alisema, kwa taabu, kama mtu anayeng'oa msumari uliopinda. "Kuna hadithi za jioni. Zile za marehemu."

"Zile? Zimesafishwa?" Sauti ikachangamka. "Mzee, hizo ni bora kuliko michezo. Watu wanaziulizia mpaka leo. Ngapi?"

"Nyingi."

"Basi tuna mwezi mzima. Mwambie mama anitumie leo."

Sponji akaiweka simu mezani taratibu. "Anazitaka," alisema. "Mwezi mzima."

Mkewe aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sponji alifikiri analia, akanyoosha mkono. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka mpaka anatafuta pumzi, akajifuta macho kwa kiganja, akamtazama, akaanza upya.

"Ulitaka atoke chumba hiki," alisema alipoweza, "sasa umemwingiza mtaa mzima."

"Cheka."

"Nacheka. Nikiacha nitakupiga na boksi la diski."

Walizitayarisha pamoja jioni ile, yeye akitaja majina ya hadithi na mke akiandika amri. Walipofika mwisho wa ile ya kwanza, marehemu akasema anawahi nyumbani, na kiti kikasukumwa. Mke akasimamisha sauti.

"Hiki nakikata," alisema. "Hewani hakifai. Lakini kwenye nakala ya binti kinabaki."

"Na mimi nikikisikia?"

"Utavumilia. Mimi nimevumilia picha juu ya kabati."

Jumatatu saa kumi na moja jioni Sponji alikuwa anamalizia mgongo wa kiti cha kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama kando, amekuja kukidai, kitambaa cha kunyolea begani. Binti aliingia na sare yake ya uuguzi, akamwamkia baba yake, akamwamkia kinyozi, akaketi kwenye kochi lisilo na mito. Hakusema amekuja kwa ajili gani. Alikiweka kimkoba chake miguuni, akaiangalia redio iliyokuwa kwenye rafu ya nyuzi.

Sauti ilipoanza, ilianza kila mahali kwa pamoja, kwenye rafu, kwa kinyozi ng'ambo ambako msaidizi wake alikuwa amefungulia, kwa fundi viatu wa pembeni, na kutoka ndani ya gari lililosimama mbele ya duka la dawa. Sponji alikuwa na msumari umeshasimama kwenye ngozi na nyundo iko hewani. Akaishusha nyundo juu ya meza taratibu, isitoe sauti.

"Mbona hupigi?" kinyozi aliuliza.

"Ngoja amalize."

Binti alisikiliza mikono ikiwa imebanwa magotini. Mahali pa kuchekesha hakucheka, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na Sponji, aliyeujua uso ule kuliko kiganja chake, hakuwahi kuliona tabasamu hilo. Lilimchoma kuliko sauti. Alitaka binti amtazame, mara moja tu, hata kwa bahati mbaya. Hakumtazama mpaka hadithi ilipokwisha.

"Jamaa alikuwa na sauti," kinyozi alisema.

"Alikuwa nayo," Sponji alisema.

Binti alisimama, akapangusa sare. Akamsogelea akampukuta vumbi kwenye nyusi kwa vidole viwili, kama alivyozoea tangu utotoni. "Baba, nitakuwa napita kila siku saa hizi. Mpaka zikwishe."

"Karibu. Ni kwako."

"Mama anasema ni mwezi mzima."

"Ndivyo anavyosema."

Binti alipoondoka, na kinyozi naye akaondoka na kiti chake kichwani, Sponji alifunga mlango wa karakana mapema. Akanawa mikono, akapenya pazia. Mkewe alikuwa ameingiza kaseti ya kwanza ya michezo kwenye mashine, mawimbi ya sauti yakitambaa kwenye kioo, yamejaa mikwaruzo kama mchanga. Sponji akavuta kigoda.

"Tunaanza na upi?"

"Wewe pumzika, fundi. Umesimama tangu asubuhi."

"Sijachoka."

"Hakuna haraka. Mkuu wa vipindi amepiga simu sasa hivi, anasema watu wamezipenda. Anasema hata ikichukua miezi miwili si kitu."

"Mke wangu," Sponji alisema, akaisogeza kibodi karibu, "niambie nibonyeze wapi."